Sampo siyo sapu

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, na wale tunaokaa hosteli moja mnajua sababu: testi tatu ndani ya siku nane, na kila Jumamosi mnaniona nachapa lapa kuelekea kituoni na begi lenye rula, kikokotoo na vipande vya chaki. Watu wananong'ona kwamba nina mchumba fundi huko Kimara. Jamani, sina. Nina kaka fundi, na kaka ana gari. Au tuseme ana chasisi, injini, viti viwili na matumaini.

Juzi mwenzangu wa chumbani alinisikia kwenye simu nikisema, "Sampo imepita, haina tundu hata moja!" Akaruka kitandani kuja kunikumbatia. Alidhani nimesema sapu! Pale hosteli sapu ni neno linalomtoa mtu usingizini. Ilibidi nimweleze taratibu kwamba sampo ni kitu cha gari, akabaki ananitazama kama nimechanganyikiwa. Basi leo naandika kwa ajili yake na wengine wote wanaoniuliza nafanya nini kule.

Kwa ndugu zangu wa Kiswahili na Historia: sampo ni lile bakuli la bati lililofungwa kwa bolti chini kabisa ya injini. Oili ikishazunguka huko juu inachuruzika na kurudi humo. Ndani ya bakuli kuna bomba lenye mdomo mpana na chujio la waya. Pampu inanyonya oili kupitia mdomo huo, inaisukuma kwenye filta, halafu kwenye njia nyembamba zilizotobolewa ndani ya bloku, mpaka kwenye beringi za krenki na kila kinachosuguana. Kisha inachuruzika tena. Mchezo ni huo huo mchana kutwa.

Beringi zenyewe usidhani ni zile za gololi kama za baiskeli. Ni vipande viwili vya nusu duara, vyenye uso laini, na krenki inazunguka ndani yake ikiwa imeelea juu ya utando wa oili mwembamba kuliko unywele. Utando huo ukikatika, chuma kinagusa chuma. Joto linapanda ghafla, uso wa beringi unachunika, na unaanza kusikia ngo-ngo-ngo kutoka chini. Mafundi wanasema injini imenoki. Injini ikishanoki, leta pesa. Na kwa injini hii, hata ukileta pesa kuna kitu hakirudi.

Nieleze. Injini yetu ni ya Toyota, ya ile familia ya K ya zamani: bloku ya chuma kizito, valvu zinasukumwa na fimbo. Ilitoka kwenye kigari cha mizigo cha marehemu baba. Kigari hicho kilibeba mkaa, kilibeba maji, kilibeba viti vya harusi za watu, na ndicho kilichotulisha na kututoa shule wote watatu. Baba alifariki mwaka 2019. Bodi ikaliwa na kutu mpaka ukiegemea mlango unabaki nao mkononi. Ikauzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu kwa kilo. Injini peke yake mama alikataa isiuzwe. Kaka akaifunga kwa turubai, akaiweka kwenye kona ya gereji, na mwaka 2023 akaanza kuizungushia gari.

Wazo la gari alilipata kwenye kitabu cha Kiingereza, nakala ya fotokopi iliyochakaa kweli kweli. Kiliandikwa na Mwingereza anaitwa Ron Champion, kikatoka mwaka 1996, na kinaahidi kukufundisha kujenga gari la michezo nyumbani kwa paundi 250 tu. Usicheke, maelfu ya watu kule walikifuata. Gari lenyewe linafuata umbo la Lotus Seven, ambalo Colin Chapman alilitoa mwaka 1957: pua ndefu, viti viwili, hakuna milango, hakuna kitu cha ziada. Uingereza watu walizoea kununua gari likiwa vipande na kulifunga wenyewe gereji kwao, kwa sababu kodi ya mauzo iliyokuwa inatozwa kwenye gari zima haikuwa inatozwa kwenye vipande. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 1973 ikaja VAT, lakini mazoea ya kujijengea yakabaki. Mtu ananunua Ford Escort iliyochoka, anatoa injini, giaboksi na ekseli, anachomelea chasisi ya mabomba ya mraba ya milimita 25, anahamishia mle. Kaka akasema kama Mwingereza anafanya kwa Escort, yeye atafanya kwa Toyota ya mzee.

Sasa tatizo. Gari la namna hii liko chini sana, na injini inakaa chini ili pua isiwe kama ya lori. Kitu kinachoning'inia chini kuliko vyote ni sampo. Januari 2025 injini ilipokaa kwenye chasisi mara ya kwanza, sote tulichuchumaa tukachungulia. Sampo ilikuwa imeshuka milimita 70 chini ya bomba la chini la chasisi. Kutoka sampo mpaka sakafuni zilibaki milimita 75.

Nikatoka nje na rula nikapima tuta lililo karibu na kwetu. Sentimita 10 na nusu. Hesabu hiyo hata wa darasa la tatu anaijua. Siku ya kwanza tu barabarani, tuta lingepasua sampo, oili yote ikamwagika kwa sekunde chache, na injini ya mzee ikanoki palepale mbele ya kibanda cha chipsi.

Njia zilikuwa kadhaa. Kuinua injini: boneti linapanda, uzito unapanda, shafti inayokwenda nyuma inakaa kwa pembe mbaya. Kuweka bamba la chuma chini yake: linakinga, lakini haliinui, na linazidi kupunguza nafasi. Kufanya kama magari ya mashindano, ambayo oili yake haikai chini ya injini bali kwenye tenki la pembeni, na pampu za ziada zinaivuta kutoka chini na kuirudisha huko: safi sana, ila bei yake ni ya kutuzidi kabisa. Ikabaki kukata sampo.

Mpango wa kwanza wa kaka ulikuwa mfupi: piga grenda sentimita 5 kutoka chini, chomelea bati bapa, rudisha, washa. "Oili itapungua kidogo, nitakuwa naangalia dipstiki kila asubuhi," alisema.

Pale gereji yuko mzee mmoja wa kuchomelea, sote tunamwita Babu. Anachomelea tangu kaka hajazaliwa. Alikuwa amekaa kwenye tairi anakunywa chai, akasema bila hata kuinua kichwa: "Mjukuu wangu, hiyo oili hutaiona imepungua kwenye dipstiki. Utaiona imepungua kwenye breki."

Kaka akamheshimu, akanyamaza, lakini nilimwona hajaridhika. Halafu akanigeukia mimi: "Haya mwalimu, si unasoma Fizikia na Hesabu? Tuambie."

Basi bwana, mwalimu mtarajiwa nikashika kalamu.

Kwanza ujazo. Sehemu ya kina ya sampo yetu ina urefu wa sentimita 22 na upana wa sentimita 20. Ukikata sentimita 5, umeondoa 22 mara 20 mara 5, yaani sentimita za ujazo 2200. Hizo ni lita 2.2. Na oili aliyoimwaga kaka wakati wa kufungua ilikuwa lita 3.5. Kwa hiyo "kidogo" ya kaka ilikuwa zaidi ya nusu ya oili yote! Na sehemu ya hiyo lita 1.3 inayobaki huwa iko juu kwenye filta na njia zake injini ikiwaka, haiko hata chini.

Kaka akasema basi tujaze lita 3.5 vilevile. Babu akatikisa kichwa. Ukijaza zilezile kwenye bakuli lililopungua kina, uso wa oili unapanda karibu na krenki. Krenki inazunguka maelfu ya mara kwa dakika, inaanza kuipiga oili kama mtu anavyopiga mayai ya chipsi. Inageuka povu. Na povu ni hewa, halibebi mzigo wa beringi.

Kwa hiyo kilichokatwa chini lazima kirudi pembeni. Babu alichora kwa chaki sakafuni: mabawa mawili, moja kila upande, kila moja urefu sentimita 22, upana 10, kimo 5. Kila bawa lita 1.1, mawili lita 2.2. Ile ile tuliyoipoteza. Nilipenda sana mchoro ule, maana Babu hakupiga hesabu yoyote, alikadiria kwa jicho tu, na ikatoka sawa na yangu.

Lakini neno lake la breki lilikuwa bado, na hapo ndipo utamu ulipo.

Jumatatu nikirudi chuo nilibeba kontena la plastiki la wazi, lile la kuwekea chakula, urefu sentimita 20, nikatia maji nusu na rangi kidogo ya keki. Nikakaa kiti cha nyuma ya dereva wa daladala, kontena mapajani, rula imebandikwa ubavuni. Konda akaniuliza kama ni dawa. Nikamwambia ni fizikia. Akasema, "Isimwagike kwenye siti tu, dada."

Gari likitembea mwendo mmoja maji yametulia bapa, hata kama ni kilomita 60 kwa saa. Mwendo siyo tatizo. Dereva akikanyaga breki, maji yanapanda mbele na kushuka nyuma. Breki moja kali alipokatiwa na bodaboda, mbele yalipanda kama sentimita 3 na nyuma yakashuka 3. Tofauti 6 kwenye urefu wa 20, yaani 0.3. Hiyo 0.3 ndiyo breki yenyewe: gari lilikuwa linapunguza mwendo kwa karibu theluthi ya nguvu ya mvutano wa dunia. Wale wa trigonometria, tanjenti ya pembe ya maji ni sawa na kasi ya kupunguza mwendo gawanya kwa 9.8. Haijalishi ni maji, chai au oili. Ila mwanzoni yanaruka kidogo zaidi ya hapo kabla hayajatulia, hilo nililiona kwenye sketi yangu.

Gari jepesi la namna ya kaka linafunga breki kuliko daladala. Chukua 0.5, breki ya kutoka kilomita 50 kwa saa mpaka kusimama ndani ya sekunde 3 hivi. Uso wa oili utainama nyuzi 27. Kwenye sampo ya zamani oili ilikuwa na kina cha sentimita 7 na kidogo. Ikiinama hivyo, ukuta wa nyuma unabakiwa na karibu sentimita 2, na mdomo wa bomba la kunyonyea, uliokuwa sentimita 3 tu kutoka ukuta wa nyuma, bado umezama. Toyota walijua wanachofanya.

Kwenye sampo mpya yenye mabawa, oili ni ile ile lita kwa lita, lakini imetandazwa. Kina chake ni sentimita 3.6 tu. Iinamishe nyuzi zile zile: yote inakimbilia mbele, na sentimita 4 za nyuma zinabaki kavu kabisa. Mdomo uko sentimita 3 kutoka nyuma. Unanyonya hewa. (Hesabu yangu ni ya bakuli la wazi, na mabawa yana paa, kwa hiyo hali halisi inatofautiana kidogo. Mwelekeo ni huo huo.)

Hapo ndipo nilipomwelewa Babu. Dipstiki itasema lita 3.5, imejaa, kila kitu bomba. Na ni kweli imejaa. Ila kwa zile sekunde 2 au 3 za breki oili haiko mahali mdomo ulipo, na beringi haziwezi kusubiri. Wadau, si ndiyo habari ya boom? Mtu ukijumlisha boom la mwaka mzima unaona ni hela nyingi tu. Lakini tarehe 28 njaa ikikukuta liko kwenye akaunti ya mtu mwingine, ule wingi wake wa mwaka unakusaidia nini?

Nilimpigia kaka simu usiku ule, nikamsomea namba moja moja. Akakaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Basi mdomo uhamie katikati." Sikuwa nimefika hapo kwenye maelezo yangu. Alifika mwenyewe.

Kazi tuliifanya Machi 2025, Jumamosi nne. Nawapa hatua zake, maana kuna mshkaji mmoja wa uhandisi alidai ni kukata na kuchomelea tu.

Kwanza tulijenga sampo ya kartoni. Boksi la sabuni, gundi na mkasi. Tukaijaribisha chini ya injini, tukakuta bawa la kulia linagombana na ekzosi. Bora kugundua hilo kwa kartoni kuliko kwa bati. Kaka akasogeza ekzosi.

Pili, kukata. Kaka alikata, Babu akashona. Ukingo wa juu wa sampo, wenye matundu ya bolti, ni bati jembamba, na moto wa kuchomelea unaupinda kama ngozi ya ngoma juani. Kwa hiyo waliifunga sampo kwa bolti zake zote kwenye bloku bovu la injini kama ile ile lililokuwa limelala gereji, ndipo Babu akaanza. Alishikiza kwa nukta ndogo ndogo, nukta huku, nukta kule, anasubiri ipoe, anarudi. Nilitaka kulala kwa jinsi alivyokuwa anakwenda taratibu. Mwisho tuliifungua, tukailaza kwenye kioo, nikajaribu kupitisha karatasi ya A4 chini ya ukingo. Ilipita sehemu moja tu. Babu akaigonga pale mara tatu kwa nyundo ndogo, haikupita tena.

Tatu, mdomo. Bomba la kunyonyea lilikatwa na kuungwa upya ili mdomo uje katikati, sentimita 11 kutoka ukuta wa nyuma. Kwa hesabu ile ile ya breki, hapo mdomo unakuwa na oili ya zaidi ya sentimita 3. Urefu kutoka mdomo mpaka sakafu ya sampo ni milimita 8. Ukiugandisha chini mno unajiziba wenyewe, ukiuinua mno unanyonya hewa mapema. Kiungo cha bomba Babu alikikagua mara mbili, kwa sababu bomba la kunyonya likiwa na tundu la sindano tu, pampu itachagua kunyonya hewa. Hewa ni nyepesi, oili ni nzito, pampu nayo ni mvivu kama sisi. Kisha wakaweka mkono wa bati kushikilia bomba lisitikisike na kukatika.

Nne, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote: chumba. Kuzunguka mdomo walijenga kijiboksi cha kuta nne, kimo sentimita 4, na kifuniko juu chenye tundu la kupitishia bomba. Kwenye ukuta wa kushoto na wa kulia wakaweka vilango vidogo vya bawaba vinavyofunguka kwa ndani tu. Gari likikata kona ya kulia, oili inakimbilia kushoto. Iliyoko bawa la kulia inasukuma kilango cha kulia, inaingia chumbani. Inataka kutokea kushoto, inakuta kilango cha kushoto hakifunguki kwa nje. Imenaswa pale pale mdomo ulipo. Kona ya kushoto, kinyume chake. Hakuna umeme, hakuna springi, ni oili yenyewe inajifungulia na kujifungia mlango. Chini kwenye pembe za chumba waliacha nafasi ndogo ili oili yote iweze kumwagika siku ya kubadilisha.

Tano, kusafisha. Siku nzima! Vumbi la grenda na maganda ya kuchomelea yakibaki ndani, yale makubwa yanaziba chujio na madogo yanapita mpaka kwenye pampu. Tuliosha kwa petroli, tukapiga upepo, tukaosha tena, tukapitisha sumaku kila kona.

Sita ndiyo ile simu iliyomchanganya mwenzangu. Namna ya kujua kama mshono unavuja ni rahisi na ya zamani: unapaka chaki nje ya mishono yote, unatia mafuta ya taa ndani, unaiacha usiku kucha. Mafuta ya taa yanapenya tundu ambalo oili isingepenya mpaka ipate moto, na chaki inalowa na kuonyesha alama nyeusi. Chaki ni idara yangu, kwa hiyo kazi ya kupaka niliichukua mimi. Asubuhi tulikuta nukta mbili kwenye pembe ya bawa la kushoto. Babu akazikwangua, akazishona. Tukapaka tena, tukalaza tena. Asubuhi ya pili chaki ilikuwa nyeupe pee.

Mwisho, dipstiki. Alama zake za zamani zilikuwa za sampo ya zamani, hazina maana tena. Gari likiwa kwenye usawa, kaka alitia lita 3.5 kwa chupa iliyopimwa, akasubiri ishuke yote, akachomoa kijiti na kukata alama mpya kwa tupa. Nikapima chini: milimita 125 mpaka sakafuni. Tuta la sentimita 10 na nusu linapita, na sentimita 2 za kupumua.

Siku ya kuwasha ilikuwa Mei 2025. Kaka alifunga geji ya presha ya oili, maana taa peke yake inakuambia habari ikiwa imeshachelewa. Akatoa plagi zote, akaizungusha injini kwa stata bila kuwaka mpaka sindano ya geji ikainuka. Ndipo akarudisha plagi.

Mama hakuwahi kuingia gereji tangu kazi ianze. Alikuwa ametuambia neno moja tu mwanzoni, kwamba tukiiua injini ile tusirudi nyumbani kuomba chakula. Siku ile alikuja, akakaa kwenye tairi la Babu, mkoba mapajani kama yuko hospitali.

Iliwaka mara ya tatu. Ikakohoa, ikatulia. Kaka akaiacha ipate moto, kisha tukaisukuma mpaka kwenye kiwanja cha wazi nyuma ya gereji. Mimi nilikaa kiti cha abiria, kazi yangu ni kutazama geji tu, nisitazame pengine popote. Breki ya kwanza, sindano haikusogea. Ya pili kali zaidi, ikatetemeka kidogo, ikabaki. Tulifunga breki mara sita, tukazunguka kulia mpaka kichwa kikaniuma, tukazunguka kushoto. Sindano haikuanguka hata mara moja.

Tuliporudi kaka hakumuuliza mama gari limependeza vipi. Alimuuliza, "Unaisikiaje, mama?"

Mama akasikiliza kidogo. "Ni yenyewe," akasema. "Asubuhi alikuwa akiiwasha inaanza hivihivi."

Babu akaenda kuosha kikombe chake.

Kazi haijaisha. Taa bado, waya bado, bodi ya mbele bado ni mchoro, na masuala ya ukaguzi na usajili kaka hajayagusa. Mimi nikienda BTP nitaingia darasani na lile kontena langu la maji ya rangi, na nitawapa wanafunzi swali la sampo kabla sijawaandikia fomula yoyote. Nataka waanze kwa kubishana kama kaka na Babu walivyobishana.

Jumamosi ijayo tunamwaga oili ya kwanza. Tutaipitisha kwenye kitambaa cheupe na kutia sumaku, tuangalie kama kuna vumbi la chuma linalong'aa. Geji inaweza kutulia machoni huku beringi inaumia polepole, na kitambaa ndicho kitakachosema. Kaka ameshakata shuka la zamani kwa ajili hiyo. Mama ameuliza saa ngapi tunaanza.